Sare Mpya Shuleni: Wazazi Washauriwe Vipi Kabla ya Uamuzi Kupitishwa

Barua yenyewe mara nyingi huja na mwanafunzi siku ya kufunga shule. Sketi imebadilishwa rangi, sweta sasa lazima iwe na nembo, mtandio uwe mweupe peke yake, na vyote vinunuliwe duka fulani. Chini kuna sahihi ya mkuu wa shule na tarehe ya mwisho. Kwa mzazi aliyeshona sare mbili mwezi wa kwanza, barua hiyo ni gharama. Kwa mwengine ni suala la dini ya binti yake. Na kwa mwanafunzi ambaye kwao hakuna pesa, huenda ikawa ni kubaki nyumbani siku ya Jumatatu wenzake wakirudi darasani.

Shule ina haki ya kuwa na sare na kuibadilisha. Lakini kumpa mzazi habari ya jambo lililokwisha kuamuliwa si kumshauri. Makala haya yanaeleza nani mwenye uamuzi katika shule ya sekondari ya umma, sheria za Kenya zinataka nini, na mashauriano ya kweli huendaje hapa kwetu Pwani.

Nani mwenye uamuzi

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka shule ya umma chini ya Bodi ya Usimamizi. Mkuu wa shule ni katibu wa bodi hiyo, si mwenye bodi. Wajumbe wake ni 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali, 1 anayeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, 1 wa walimu, 3 wa mdhamini wa shule, 1 wa makundi yenye maslahi maalumu na 1 wa watu wenye mahitaji maalumu. Baraza la wanafunzi nalo lina mwakilishi anayehudhuria vikao.

Kando ya bodi kuna Chama cha Wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, hata kama hajawahi kukanyaga mkutanoni. Miongoni mwa kazi ambazo sheria imekipa chama hiki ni kujadili na kupendekeza malipo yanayotozwa wazazi, na kujadili maslahi ya wanafunzi. Sare inagusa mambo hayo yote mawili. Kwa hivyo, kanuni mpya ya mavazi isiyowahi kufika mbele ya Chama cha Wazazi imeruka mlango wa kwanza kabisa.

Mdhamini wa shule, awe ni kanisa, msikiti au taasisi nyengine, ana nafasi yake pia. Sheria inamruhusu kushauri mambo ya kiroho na kuendeleza maadili ya dini shuleni, lakini inamtaka wakati huo huo alinde imani za wale wasiokuwa wa dini au madhehebu yake. Wazazi wengi hapa Pwani hawakijui kipengele hiki, na wangekijua kingewasaidia katika mijadala mingi.

Sheria yataka nini

Katiba ya mwaka 2010 imetaja ushirikishwaji wa wananchi katika Kifungu cha 10 kuwa ni mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, cha 32 kinalinda uhuru wa dini, na cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inaingia ndani zaidi. Chombo cha umma kinachotaka kuchukua hatua itakayoathiri haki za mtu kimpe taarifa mapema, kimweleze sababu na kimpe nafasi ya kusema lake. Hatua ikigusa kundi kubwa la watu, maoni yaitishwe, yazingatiwe, kisha sababu za uamuzi zitolewe.

Je, shule ilazimike kufuata kila anachosema mzazi? La. Mahakama ya Juu, katika kesi ya mwaka 2019 kuhusu kanuni za tumbaku, ilieleza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kupaka rangi tu. Watu wapewe taarifa inayoeleweka na nafasi ya kutosha, na maoni yao yafikiriwe kwa nia safi. Haikusema kwamba kila maoni lazima yakubaliwe. Mzazi anaweza kusikizwa na bado asipate alichotaka. Asichostahili ni kupuuzwa.

Mahakama na kesi za mavazi

Kesi inayotajwa zaidi ilitoka Isiolo. Mwaka 2014 lilitolewa ombi kwamba wasichana Waislamu wa shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa la Methodist, ambalo ndilo mdhamini, likaenda mahakamani kupinga. Mahakama Kuu iliamua upande wa kanisa mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo mwaka 2016 na kuwapa haki wanafunzi. Januari 2019, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa Rufaa.

Wengi waliondoka na fikra kwamba hijabu imepigwa marufuku shuleni. Sivyo. Majaji walio wengi walisema suala hilo halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa, na kwamba anayetaka kulifuatilia aanze upya Mahakama Kuu. Mwaka huo huo wa 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba msichana wa familia ya Kirastafari aruhusiwe kuendelea na masomo katika shule moja ya Kibra bila kukatwa nywele zake.

Funzo ni hili: sheria haijatoa jibu moja la nini kivaliwe katika kila shule. Kilicho wazi zaidi ni njia ya kulifikia jibu. Ndiyo maana mazungumzo ya mapema kati ya shule na familia yana uzito mkubwa. Yakikosekana, watoto ndio husubiri miaka mitano kesi ikipanda na kushuka.

Pwani ina mambo yake

La kwanza ni joto. Sweta nzito, tai na bleza vinavyofaa Limuru si lazima vifae Malindi au Msambweni, hasa miezi ya kaskazi. Kabla ya kujadili rangi, wazazi waulize kitambaa: ni pamba au ni cha kutoa jasho? Mtandio nao ni vivyo hivyo.

La pili ni stara. Kwa familia nyingi, suala si mtandio peke yake bali pia urefu wa sketi, upana wa shati, suruali ya ndani na mavazi ya michezo. Wasichana wenyewe wana lao ambalo wazee huona haya kulitaja: sketi nyeupe au ya rangi hafifu huwatia wasiwasi siku za hedhi. Mwanafunzi mwenye ualbino naye anahitaji mikono mirefu na kofia pana kwa jua letu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanafunzi ndio wanaolalia hiki. Waulizwe.

La tatu ni kwamba Pwani si ya dini moja. Katika shule yenye Waislamu wachache, haki ya msichana kujisitiri isipigiwe kura na walio wengi. Na katika shule yenye Waislamu wengi, msichana Mkristo asilazimishwe kuvaa mtandio kwa sababu tu wenzake wanauvaa. Rangi ya sweta yaweza kupigiwa kura. Imani ya mtoto yataka kuwekewa nafasi ndani ya kanuni, kwa mfano kusema wazi kwamba atakaye atavaa mtandio wa rangi fulani, na asiyetaka hatalazimishwa.

Mashauriano ya kweli huendaje

Kwanza, rasimu itangulie. Pendekezo liandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: nini kinabadilika, kwa nini, kitagharimu kiasi gani, na kitaanza lini. Liwafikie wazazi angalau wiki mbili kabla ya mkutano. Kundi la WhatsApp husaidia, lakini wasio na simu ya kisasa wapelekewe karatasi. Mama aliye kazini Ghuba atume maoni yake kwa sauti, na nyanya anayelea watoto atambuliwe kuwa mlezi mwenye haki ya kusema.

Pili, siku na saa zichaguliwe kwa kuwajali watu. Mkutano wa Ijumaa saa saba mchana umewafungia Waislamu nje, na wa Jumapili asubuhi umewafungia Wakristo. Wavuvi wa Faza au Vanga wana siku zao za bahari. Vibarua wa bandarini na wafanyakazi wa hoteli wana zamu. Vikao viwili kwa saa tofauti, au vikao vya kila darasa, huleta watu wengi kuliko baraza moja kubwa.

Tatu, maswali yatenganishwe. Swali la "Je, mwakubali sare mpya?" halisaidii. Mzazi anaweza kukubali rangi na kukataa bei, au kukubali vyote isipokuwa tarehe. Fomu iwe na swali la rangi, la kitambaa, la mavazi ya dini, la gharama na la muda. Isiwe na jina, kwa kuwa wazazi wengi hunyamaza wakihofia mtoto atatiwa alama.

Nne, karatasi ya mahudhurio isigeuzwe kura. Kutia sahihi mlangoni ni kusema "nilikuwepo", si "nimekubali". Kumbukumbu za mkutano ziandike waliopinga na hoja zao.

Tano, majibu yarudi. Bodi ikishaamua, iwaeleze wazazi: haya tumeyasikia, haya tumeyakubali, na haya tumeyakataa kwa sababu hizi. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayomfanya mzazi aje mkutano ujao.

Gharama, duka na muda

Mzazi mwenye watoto watatu katika shule moja hununua sare ya mkubwa akijua itamshukia mdogo. Sare ikibadilishwa ghafla, hasara si ya sketi moja. Ni ya mnyororo mzima wa nguo ambazo bado zina maisha. Kwa hivyo mashauriano yazungumzie kipindi cha mpito. Njia nyepesi ni kuanza na wanaojiunga na Gredi ya 10, na waliopo wamalize na sare zao. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027, na hakuna faida ya kumnunulisha mtahiniwa nguo ya miezi michache.

Kuhusu duka la lazima, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imekwisha kuonya shule dhidi ya kuwaelekeza wazazi kwa muuzaji mmoja. Shule itoe kipimo, rangi na aina ya kitambaa, kisha mzazi achague mwenyewe: anunue dukani au apeleke kitambaa kwa fundi cherehani wa mtaani. Nembo iuzwe peke yake, ishonewe nyumbani. Hivi bei hushuka na mafundi wetu hupata riziki.

Na liandikwe wazi kwamba hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare mpya. Shule ikae na mzazi wake, impe muda au imtafutie msaada, naye mtoto akiendelea kusoma.

Mzazi asiposikizwa

Aanze kwa barua ya heshima kwa mwenyekiti wa bodi, na nakala kwa mkuu wa shule, akiomba kumbukumbu za kikao kilichopitisha uamuzi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ombi kama hilo ndani ya siku 21. Barua yenye sahihi za wazazi kadhaa ina nguvu kuliko malalamiko ya mmoja.

Asipopata jibu, aende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Wenye malalamiko ya kiutawala wanaweza pia kufika Ofisi ya Ombudsman, na sheria ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Rufaa za Elimu. Mahakama iwe mlango wa mwisho, kwa sababu kesi ya Isiolo imeonyesha kwamba mtoto anaweza kumaliza shule kabla hukumu haijatoka.

Lakini nguvu kubwa ya mzazi haiko katika malalamiko. Iko katika uchaguzi wa wawakilishi wa darasa na wa bodi, ule ambao wengi wetu hatuhudhurii. Anayekaa kwenye kiti hicho ndiye ataulizwa kwanza siku rasimu ya sare itakapoletwa mezani. Mwaka huu katika shule ya mwanao, mwakilishi wa darasa lake ni nani?