Jina, Nambari na Kundi: Asili ya Akaunti za Watumiaji katika Mfumo wa Unix

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba akaunti na kundi, ambavyo msimamizi wa kompyuta huviunda leo kwa amri ya mstari mmoja, vilizaliwa na haja ya watu wengi kutumia mashine moja adimu. Hoja yetu ni kwamba asiyeijua historia hiyo aweza kuandika amri isiyo na kosa la kisarufi na hali amempa mtu haki isiyo yake.

2. Asili ya akaunti

Mnamo Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, uliogawa muda wa mashine moja baina ya watumiaji kadhaa. Akaunti ilikuwa hesabu kwa maana yake halisi: kila mtu alipimiwa muda wake. Kwa kuwa kila mmoja alihifadhi humo pia kazi zake, ilibidi ajulikane ni nani, na ndipo neno la siri lilipoingia. Kinga hiyo ilikuwa dhaifu. Mwaka 1966 faili ya maneno ya siri ilibadilishana nafasi na ile ya tangazo la siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa siri za wote.

3. Daraja tatu

Ken Thompson alianza kuunda Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, akishirikiana na Dennis Ritchie. Kitabu cha maelezo cha Novemba 1971 kilitambua daraja mbili tu za haki: mwenye faili na asiye mwenye faili. Kundi lilikuja baadaye, nalo lilikuwa limekwisha kuingia katika toleo la sita la mwaka 1975. Msemaji wa Kiswahili hatashangazwa na mpango huo, kwani anawajua mwenyewe, jamaa na mtu baki. Tofauti ni kwamba ujamaa wa damu hauvuliwi, ilhali ukundi huvuliwa kwa amri. Hapo awali mtu alifanya kazi chini ya kundi moja kwa wakati mmoja, akihamia jingine kwa amri ya newgrp. Toleo la 4.2BSD la Berkeley, mwaka 1983, lilimruhusu kuwamo katika makundi kadhaa kwa pamoja.

4. Jina na nambari

Jina la mtumiaji lipo kwa ajili ya binadamu. Mashine hutambua nambari. Faili iitwayo /etc/passwd hulinganisha viwili hivyo, na kila waraka hubandikwa nambari ya mwenyewe. Nambari 0 ni ya msimamizi mkuu, hata akiitwa jina gani. Kwa hiyo, akaunti ikifutwa na nyaraka zake zikabaki, kisha nambari ile ile akapewa mgeni, mgeni huyo huzirithi zote. Katika idara ya chuo, urithi huo waweza kuwa maswali ya mtihani.

5. Amri zenyewe

Utaratibu wa amri katika Linux, iliyofuata nyayo za Unix, hufuata mantiki hiyo. Kundi hutangulia, kwa groupadd wahariri. Kisha mtu, kwa useradd -m -G wahariri akifuatiwa na jina lake. Kundi lisipokuwapo, amri ya pili hukataliwa. Mtumiaji wa zamani huongezewa kundi kwa usermod -aG. Herufi a ndiyo ibebayo maana ya kuongeza. Ikiachwa, orodha mpya huifuta ya zamani, na mtu huondolewa katika makundi ya ziada ambayo hayakutajwa. Mashine haitanung'unika, kwa kuwa kwake amri imekamilika.

6. Hitimisho

Ni dhahiri basi kwamba amri hizi ni kauli za kugawa haki. Wanaisimu wanaozitafutia istilahi hawana budi kuhifadhi tofauti kati ya kuongeza na kubadilisha, na kati ya jina na nambari, kwani ndipo usalama wa nyaraka unapotegemea.