Kinga ya Umeme Haikuanza Jana

Swali lilitoka kwa kijana wa miaka kumi na sita, mikono yake imejaa grisi: "Kaka, hii kinga ya umeme Wachina waliivumbua mwaka gani?" Nikamjibu kwa ujasiri, kama wakubwa tunavyojibu tukiwa hatujui, kwamba ni kitu cha juzi juzi, labda miaka ishirini hivi. Nilimdanganya. Nilipoenda kusoma nikakuta nimekosea kwa miaka mia moja na zaidi. Nikakuta pia kwamba sisi watu wa Kongo tumo ndani ya historia ya chombo hiki karibu tangu kilipozaliwa, ila jina letu halijaandikwa kwenye fremu hata moja. Ndiyo maana naandika.

Kwa msomaji wa mbali: tuko Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi haya yalifunguliwa 1958, yaani ni ya zamani kuliko uhuru wa Uganda wenyewe. Baiskeli sisi tunaiita kinga, wenyeji wanaiita gaali. Kikundi chetu cha vijana kilianza na kuziba pancha na kunyoosha rimu tu. Baadaye tukaanza kuzigeuza: tunafunga mota kwenye gurudumu, tunaunda betri kwa seli tunazotoa kwenye laptopu zilizokufa, na tunachaji kwa sola. Siku moja mgeni alikuja na kamera, akatuambia tuna bahati kwamba teknolojia mpya imetufikia hata sisi. Tulimshukuru. Siku hizo nilikuwa bado sijasoma.

Basi tuanze mbali kidogo. Mwaka 1817, mjini Mannheim huko Ujerumani, Karl Drais alitoka barabarani na chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Pedali hakikuwa nazo. Unakaa juu, unasukuma ardhi kwa miguu. Niliposoma maelezo yake nikacheka peke yangu. Hiyo si chukudu? Yeyote aliyepita Goma anaijua: mbao nzito, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa kipande cha tairi kuukuu, mzigo wa viazi au makala juu yake, na kijana anateremka nayo goti moja likiwa juu ya ubao. Zilianza kuonekana kule miaka ya 1970. Watengenezaji wake hawakuwa wanamwiga Mjerumani yeyote. Walikuwa na mzigo, walikuwa na mteremko, na hawakuwa na pesa ya gari. Leo ipo sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, na kwangu mimi ile ni sanamu ya fundi, hata kama wanasiasa ndio waliokata utepe.

Pedali zilikuja Ufaransa miaka ya 1860. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na cheni inayozungusha la nyuma. Hiyo ndiyo tunayoendesha mpaka leo. Ukimletea Starley kinga ya sokoni kwetu ataitambua na ataomba spana. Kilichobaki kilikuwa tairi. Magurudumu yalikuwa magumu, mifupa ya watu ilikuwa inalia. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, akapata hataza ya tairi lenye upepo ndani. Alikuwa amelijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake.

Hapo ndipo sisi tunaingia.

Tairi la upepo linahitaji mpira. Ulaya na Marekani zikapata wazimu wa baiskeli miaka ya 1890, kila mtu anataka yake, na wakati huohuo nyaya za simu na za umeme nazo zilitaka mpira wa kuzifunika. Mpira mwingi wa dunia ulitoka Amazoni. Lakini misitu ya Kongo ilijaa mitambaazi yenye utomvu, na Kongo yote tangu 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi ile hata siku moja. Kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Wanaume waliingia msituni siku nyingi kugema, na wake zao walifungwa kama rehani mpaka vikapu vijae. Vikipungua, walinzi wenye bunduki walikuja. Askari alitakiwa aonyeshe kwamba hakupoteza risasi bure, kwa hiyo alileta mkono wa kulia wa aliyeuawa. Risasi ikitumika kuwindia mnyama, mkono ulikatwa kwa mtu aliye hai. Mwaka 1904 ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliandika aliyoyaona na kuyasikia, na picha zilizopigwa na Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, zilizungushwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini, na mateso makubwa ya mpira yalikuwa zaidi upande wa Ekwateri, mbali na kwetu. Sisemi bibi yangu alikatwa mkono. Ila nimekua nikisikia historia ya baiskeli kama hadithi ya Wazungu wawili watatu wenye akili ndani ya karakana zao. Karakana ilikuwa na mlango wa nyuma, na mpira ulikuwa unaingilia huko.

Sasa turudi kwa yule kijana na swali lake. Tarehe 31 Desemba 1895, katikati ya wazimu ule wa mpira, Ogden Bolton wa Canton, Ohio, nchini Marekani, alipewa hataza ya baiskeli ya umeme. Nimeangalia mchoro wake. Mota imekaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Betri imening'inia katikati ya fremu. Volti 10 tu, lakini mota yake ingeweza kuvuta hadi ampea 100. Niliwaonyesha vijana mchoro huo kwenye simu, wakanyamaza, halafu mmoja akasema, "Lakini hii ni yetu!" Kweli. Mahali tunapoweka mota ni palepale, mahali tunapofunga betri ni palepale. Mwaka 1899 mwingine, John Schnepf, akasajili mota inayokaa juu ya gurudumu la nyuma na kulisukuma kwa kulisugua, na mpaka leo wako wanaouza vifaa vya namna hiyo kwa mtu anayetaka kugeuza baiskeli yake nyumbani.

Kwa nini basi zilipotea? Betri. Enzi hizo betri ya kuchajiwa ilikuwa ya risasi na asidi, aina iliyovumbuliwa 1859 na Gaston Planté, nzito kama jiwe la kusagia. Petroli ikaja, nyepesi na yenye nguvu, ikashinda. Kinga ya umeme ililala karibu miaka mia moja. Mwaka 1991 Sony ya Japani ikaanza kuuza betri za lithiamu. Mwaka 1993 Yamaha ikatoa baiskeli ambayo mota inamsaidia anayenyonga pedali. Halafu miji mingi ya China ikabana pikipiki za petroli, Guangzhou ikazipiga marufuku kabisa 2007, na mamilioni ya watu wakahamia kwenye za umeme, nyingi bado zikiwa na betri ya risasi. Kwa hiyo Wachina hawakuivumbua. Waliifanya iwe ya mtu wa kawaida, na hilo nalo si dogo.

Niseme kidogo tunavyofanya, maana kuna mambo tulijifunza kwa hasara. Kinga ya kwanza tulifunga mota ya gurudumu la mbele, tukakaza nati kwa nguvu zetu zote, tukafurahi. Kwenye mlima wa kwanza ekseli ikazunguka ndani ya foku, ikatoka, ikakata waya zote tatu nene zinazoleta umeme. Mwendeshaji aliangukia kwenye mtama, mshukuru Mungu, si kwenye mawe. Gurudumu la kawaida ekseli yake haisukumwi na kitu, lakini ya mota inasukumwa kinyume kila unapoongeza moto. Inahitaji mkono wa chuma unaoishika na kuifunga kwenye fremu. Sasa tunautengeneza kutoka spana kuukuu.

Betri ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya laptopu ya zamani mara nyingi kuna seli sita, kila moja upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, kama betri ya tochi iliyonenepa. Tunapima moja moja. Iliyoshuka chini ya volti 2 tunaiweka kando bila huruma. Nzima tunaichaji mpaka 4.2, tunaiacha wiki mbili, tunapima tena. Iliyojishukia yenyewe haiingii. Tunaunganisha makundi kumi, kila kundi seli nne, tunapata volti 36 za kawaida, 42 ikijaa. Seli arobaini. Kwa hesabu ni laptopu saba. Sisi tulifungua kumi na moja. Tunaweka bodi ndogo ya kulinda betri na fyuzi, kila mara, hata mwenye kinga akisema ana haraka. Mara moja hatukuweka. Seli moja ilianza kutoa moshi mezani, ndani ya nyumba, na watoto wamelala chumba cha pili. Niliitoa nje kwa sufuria, nikaimwagia mchanga, na mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo hakuna kuchaji ndani, na hakuna kuchaji usiku watu wakiwa wamelala.

Kuna mzee mmoja wa zoni yetu anayechotea watu maji kwa malipo. Madumu manne ya lita ishirini, kilo themanini, juu ya mlima. Goti lake la kulia likakataa. Vijana wakasema tumgeuzie kinga yake, na mota safari hii iende nyuma. Alikuwa anakuja kila siku kukaa kwenye benchi kutuangalia, mtu wa maneno machache. Siku tunapanga seli nikawa nawaeleza vijana kwamba seli nyingi za laptopu zina kobalti ndani, kwamba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu, kule Kolwezi na kandokando yake, nyingi kwa mashine za makampuni, nyingine kwa mikono ya watu. Niliongeza kwamba siku hizi ziko betri za lithiamu zisizo na kobalti kabisa, ili nisidanganye mara ya pili.

Mzee akainuka. "Kolwezi?"

"Ndiyo, Baba."

"Njo ile tulikuwa tunachimba?"

Hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa mchimbaji. Alinyoosha mkono, nikampa seli moja. Aliigeuza, akaipima kiganjani. Ina uzito wa gramu 45 hivi, na kobalti ni sehemu tu ya uzito huo. Alisema walikuwa wanashuka kwa kamba, bila mbao za kuzuia udongo, na gunia lilipofika kwa mnunuzi, mnunuzi ndiye aliyesema lina uzito gani na madini yana ubora gani. Kaka yake alibaki chini. Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza. Akanirudishia seli, akasema, "Kumbe ni kidogo hivi."

Nilifikiri ataikataa kinga. Kama angeikataa ningemwelewa. Lakini kesho yake alikuja mapema kuliko sisi, akauliza inapanda na madumu mangapi.

Inapanda na yote manne, akisaidia kidogo kwa mguu wa kushoto. Akiwa na mzigo anapata kama kilomita ishirini kabla ya kurudi kwenye sola. Kila Jumamosi anailete tunaipima. Cheni tunaipaka mafuta, spoku za nyuma tunazikaza kwa sababu mota inazilegeza, breki tunazitazama mara mbili kwani kuteremka na kilo themanini ni habari nyingine. Kundi la saba la betri yake limeanza kushuka haraka kuliko mengine. Linahitaji seli nne nzima, na laptopu zilizokufa nazo zimeanza kuwa ghali, maana mafundi wa Mbarara wamejua tunazitafuta.

Zile seli mbovu tunazitunza kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, nyuma ya choo, mbali na nyumba. Zimefika mia moja na kitu. Nimeuliza ofisi tatu ni wapi zinapokelewa. Kila moja ilinielekeza kwa nyingine, na debe linakaribia kujaa.