Globe Bila Sinema



Ukipanda matatu ya Thika Road utasikia makanga akiita, "Globe Cinema! Wa Globe?" Abiria wanashuka, kila mtu anashika njia yake. Lakini sinema yenyewe hutaiona. Imebaki raundabauti, na barabara za juu zilizojengwa Thika Road ilipopanuliwa kati ya 2009 na 2012. Wengi wanaolitaja jina hilo kila siku hawajawahi kutazama filamu pale.

Je, umewahi kujiuliza wale watu walienda wapi?

Ngara ulikuwa mtaa wa Wahindi, na sinema ilikuwa sebule ya mtaa mzima. Mbali na Globe kulikuwa na Shan, iliyojulikana kwa filamu za Kihindi. Filamu kama Sholay, ya 1975, inapita saa 3, na familia ilikaa, mzee na mtoto. Wimbo wa taifa ulipopigwa, ukumbi mzima ulisimama: tajiri, maskini, anayejuana na jirani yake na asiyejuana naye.

Pigo la kwanza lilikuja mapema. Sheria za 1967 ziliwadai wasio raia vibali vya kazi na leseni za biashara. Maelfu ya Wahindi wakaondoka kwenda Uingereza, nayo Uingereza ikaanza kuufunga mlango wake 1968. Sinema zikaendelea, ila mtaa ulikuwa umeanza kubadilika. Miaka ya 1980 ikaja kanda ya video. Mtu anakodi kanda moja, nyumba nzima inatazama, hakuna nauli wala tiketi. 1990 ikaja KTN, runinga ya kwanza ya binafsi. Viti vikabaki vitupu.

Leo Shan ni Sarakasi Dome, makao ya wanasarakasi na wachezaji densi. Kumbi nyingine za sinema jijini zikawa makanisa. Pengine wewe unaabudu ndani ya mojawapo.

Wako wanaoshuhudia kwamba maombi ndiyo yaliyozifunga sinema. Mpendwa, tusijipe sifa upesi. Hazikufungwa kwa sababu watu waliacha kupenda filamu. Walizipenda vilevile, ila waligundua wanaweza kuzipata sebuleni, bila kuvaa, bila kusafiri, bila kuketi karibu na mtu wasiyemjua.

Sasa fikiria Jumapili yako. Ibada iko kwenye simu. Unaitazama ukiwa kitandani, unaisimamisha kidogo uonje mboga, unaruka matangazo na sadaka. Kwa mgonjwa na aliye mbali, hiyo ni neema kubwa. Lakini wewe mwenye miguu mizima, nani atajua kama umelia wiki hii? Nani atakushika mkono?

Jina linaweza kudumu kwenye midomo ya makanga miaka mingi baada ya watu kuondoka. Kanisa nalo linaweza kubaki jina la stesheni.

Soma Waebrania 10:25. Jumapili hii, njoo uketi karibu na mtu.