Uchomeleaji wa nukta

Uchomeleaji wa nukta ni njia ya kuunganisha mabati mawili au zaidi ya feleji kwa joto la umeme, bila kuongeza waya wala fimbo ya kuchomelea. Mabati hubanwa kati ya elektrodi mbili za aloi ya shaba, kisha mkondo mkubwa hupitishwa kwa muda mfupi. Feleji huyeyuka pale mabati yanapogusana, nayo ikiganda hufanya kiini chenye umbo la dengu. Njia hii ilitokana na kazi za Elihu Thomson nchini Marekani katika miaka ya 1880. Hutumika hasa katika bodi za magari. Gari moja huwa na nukta elfu kadhaa.

Kanuni ya joto

Joto hufuata kanuni Q = I² × R × t, ambapo I ni mkondo, R ni ukinzani na t ni muda. Muda ukiongezwa mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara mbili. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo, mkondo ukipungua kwa asilimia 10 tu, joto hupungua kwa asilimia 19.

Mipangilio ya mashine

Kwa mabati mawili ya feleji laini yenye unene wa milimita 1 kila moja, hutumika takriban ampea 8,000 hadi 10,000, kani ya kilonyutoni 2 hadi 3, na muda wa sekunde 0.2 hivi.

* Mkondo: ukiwa mdogo, kiini huwa kidogo au hakipatikani kabisa. Ukizidi, feleji iliyoyeyuka huruka kama cheche na kuacha shimo ndani.
* Muda: ukiwa mfupi mno, kiini hakikui. Ukizidi, bati hubonyea na elektrodi huchakaa.
* Kani: ikiwa ndogo, ukinzani wa mgusano hupanda na feleji huruka. Ikizidi, ukinzani hushuka na joto hupungua. Kani huendelea baada ya mkondo kukatwa, mpaka kiini kigande.
* Ncha ya elektrodi: kipenyo chake kikitanuka kutoka milimita 5 hadi 6, eneo huongezeka kwa asilimia 44, na mkondo uleule hutawanyika. Ncha hunolewa mara kwa mara, na elektrodi hupozwa kwa maji.

Mabati yaliyopakwa zinki huhitaji mkondo mkubwa zaidi. Zinki huchanganyika na shaba ya elektrodi, hivyo ncha huchakaa upesi.

Upimaji

Nukta dhaifu inaweza kuonekana nzuri kwa nje. Kwa hiyo sampuli hubanduliwa kwa koleo au patasi. Nukta nzuri hung'oa kipande cha bati la pili; nukta mbaya huachia palepale yalipogusana. Kipimo cha chini kinachotumika sana kwa kipenyo cha kiini ni 4√u, ambapo u ni unene wa bati kwa milimita: kwa bati la milimita 1, ni milimita 4.