Kutoka Cartoon Network hadi Ubongo Kids: Katuni za watoto zilivyofika Ngara na Biharamulo

Watoto wa Dar es Salaam walianza kuona katuni kwenye TV za nyumbani miaka ya 1990. Kwa wenzao wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mambo yalikwenda polepole zaidi. Huko kila hatua imetegemea vitu vitatu: umeme, king'amuzi na bando. Kuna cha nne ambacho wengi hukisahau, nacho ni lugha.

Hii hapa historia fupi ya safari hiyo, na kwa nini bado haijafika mwisho.

1994: Katuni Asia, wakimbizi Ngara

Cartoon Network ilianza kurushwa Marekani Oktoba 1, 1992. Mwanzilishi wake, Ted Turner, alikuwa ameshanunua maktaba kubwa za katuni za zamani, zikiwemo Tom and Jerry na kazi za studio ya Hanna-Barbera. Kwa hiyo alikuwa na vipindi vya kutosha kujaza chaneli nzima bila kuanza kutengeneza kila kitu upya.

Oktoba 1994 chaneli hiyo ikafika Asia kwa njia ya setilaiti. Mwanzoni haikuwa ya katuni saa 24. Mchana ilionyesha katuni, usiku masafa yaleyale yalitumiwa na TNT, chaneli dada ya filamu.

Mwaka huohuo Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuwa na TV. Zanzibar ilitangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri mpaka 1994, vituo binafsi vya ITV na CTN vilipoanza matangazo Dar es Salaam.

Ngara nayo ilitajwa sana duniani mwaka huo, ila kwa habari nyingine kabisa. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji na vita. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikawa miongoni mwa kambi kubwa zaidi za wakimbizi duniani kwa wakati ule.

Kwa watoto waliokuwa Ngara, wenyeji na wageni, TV ya katuni ilikuwa kitu cha mbali mno.

Redio ilitangulia

Chombo cha habari kilichowafikia watu wa eneo hilo kilikuwa redio. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera wilayani Ngara. Neno "kwizera" kwa Kirundi na Kinyarwanda lina maana ya kuamini, kuwa na tumaini.

Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996. Redio ikabaki, na wenyeji wakaendelea kuisikiliza.

Sababu ya redio kutangulia iko wazi. Inatumia betri, haina bili ya mwezi, na mawimbi yake yanafika hata kwenye nyumba isiyo na nguzo ya umeme karibu. TV inahitaji vitu vingi zaidi ya hivyo, na vingi vilikuwa havijafika.

India ilivyobadilisha mchezo

Turudi Asia kidogo, kwa sababu kilichotokea huko kinasaidia kuelewa kilichokuja kutokea Tanzania.

Chaneli za watoto zilipoingia India, zilikuja na katuni za Kimarekani kwa Kiingereza. Baadaye zikaanza kuwekewa sauti za Kihindi. Mwaka 2004 zikazaliwa chaneli mbili zilizowalenga watoto wa India wenyewe: Pogo na Hungama TV. Mwaka 2008 Pogo ikaanza kuonyesha Chhota Bheem, katuni ya kijana mwenye nguvu wa kijijini, iliyotengenezwa na studio ya Green Gold ya Hyderabad.

Chhota Bheem alipendwa sana. Mtoto alimwona mtu anayevaa, anayekula na anayeishi kama watu wa kwao. Watangazaji wakaona kwamba katuni ya nyumbani inaweza kushindana na ya nje, na si kwa huruma.

2014: Ubongo Kids yaingia TBC1

Tanzania ilipata jambo linalofanana na hilo, ila kwa njia tofauti. Hapa haikuanza chaneli. Kilianza kipindi.

Mwaka 2013 watu watano waliungana Dar es Salaam na kuanzisha Ubongo: Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Arnold Minde, Cleng'a Ng'atigwa na Tom Ng'atigwa. Mwezi Januari 2014 katuni yao ya kwanza, Ubongo Kids, ikaanza kuonekana TBC1 kwa Kiswahili.

Ubongo Kids inafundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na walengwa wake wakuu ni watoto wa shule ya msingi. Wahusika wanakutana na tatizo, wanalichunguza, kisha wanalitatua kwa kutumia akili.

Jambo lililoitofautisha na katuni nyingine ni meseji. Swali lilitokea kwenye TV pamoja na majibu ya kuchagua, na mtoto aliweza kutuma jibu lake kwa SMS kutoka kwenye simu ya kawaida. Kitochi cha baba kilitosha, bila intaneti wala simu janja. Majibu yalirudi kana kwamba ni mhusika wa katuni ndiye anayemwandikia.

Kwa mikoa ya mbali hilo lilikuwa jambo kubwa, maana simu za kitochi zilikuwa zimeshafika vijijini kabla ya TV.

Akili wa Kilimanjaro

Baadaye Ubongo wakatoa katuni ya pili, Akili and Me, ya watoto wadogo ambao hawajaanza darasa la kwanza. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala usiku anaingia Lala Land, nchi ya ndoto, ambako anajifunza herufi, namba na kuchora pamoja na marafiki zake wanyama, akiwemo simba mdogo na kiboko.

Je, inasaidia kweli? Utafiti ulioongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ulifanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018. Kundi moja la watoto wa awali lilionyeshwa Akili and Me kwa wiki kadhaa, kundi jingine likaonyeshwa vipindi vingine. Walioangalia Akili walifanya vizuri zaidi kwenye mambo kama kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora.

Kwa hiyo swali la Ngara na Biharamulo si la burudani tu. Mtoto asiyeifikia katuni ya aina hii anakosa pia somo ambalo mwenzake analipata bure sebuleni.

Kikwazo cha kwanza: king'amuzi

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam. Tangu hapo antena ya kawaida peke yake haikutosha. Ilibidi kuwa na king'amuzi.

Ving'amuzi viko vya aina mbili. Cha antena kinategemea mnara wa kurushia matangazo ulio jirani. Ukiwa mbali na mnara, au kilima kikiwa katikati, hupati kitu. Cha dishi kinapokea moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, kwa hiyo kinafanya kazi popote penye anga wazi.

Ngara ni wilaya ya milima na mabonde, iko mpakani mwa Rwanda na Burundi, mbali na miji mikubwa. Katika mazingira ya namna hiyo dishi lina nafasi kubwa. Azam TV, iliyoanza Desemba 2013, iliongeza ushindani wa vifurushi vya dishi vinavyolenga familia za Kitanzania.

Lakini chaneli nyingi za katuni tupu, za saa 24, ziko kwenye vifurushi vya kulipia. Kifurushi kikiisha, Tom na Jerry nao wanaondoka. Kipindi cha Kiswahili kwenye chaneli ya taifa hakina shida hiyo. Shida yake ni ratiba: kina muda wake maalumu, na umeme ukikatika saa hiyo, ndiyo basi tena.

Kikwazo cha pili: umeme

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. TANESCO ilitumia jenereta za dizeli, zikiwemo za mradi wa ORIO uliopata fedha kutoka Uholanzi. Dizeli ni ghali na mashine huharibika. Na umeme wa jenereta ulihudumia zaidi mjini.

Mabadiliko makubwa yamekuja kwa hatua tatu:

Kwanza, miradi ya REA ilisogeza nguzo vijijini, na gharama ya kuunganishwa ikawekwa shilingi 27,000.

Pili, ilijengwa njia ya kilovolti 220 kutoka Geita hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa gridi kwa eneo hilo.

Tatu, mradi wa maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera. Una uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mitambo yake ilianza kuzalisha umeme kati ya 2023 na 2024, na upande wa Tanzania umeme huo unasafirishwa mpaka Nyakanazi.

Yaani palepale Rusumo, ambapo mwaka 1994 watu walivuka kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni, leo panatoka umeme wa kuwasha TV.

Simu imeruka foleni

Nyumba nyingi hazikusubiri TV. Katuni ziliingia kupitia simu janja: YouTube, video za WhatsApp, au memori kadi iliyojazwa video dukani.

Uzuri wa simu ni kwamba mtoto hafungwi na ratiba. Kipindi kikipakuliwa mara moja kinarudiwa hata mara kumi. Ubongo wameweka vipindi vyao YouTube na kutengeneza pia matoleo ya redio, kwa ajili ya nyumba zisizo na skrini kabisa.

Ubaya ni kwamba simu haichagui. Mtoto anaanza na Akili, baada ya dakika 20 yuko kwenye video ya ajabu ambayo hakuna mtu mzima aliyeikagua. Na bando ni la mzazi. Likikatika, somo nalo limekatika.

Lugha gani, ya nani?

Hapa ndipo Ngara na Biharamulo zinapotofautiana na Dar. Watoto wengi wa Ngara wanaanza maisha na Kihangaza au Kishubi nyumbani. Biharamulo kuna Kishubi, Kizinza, Kihaya na Kisukuma. Kiswahili wanakijua vizuri zaidi wanapoingia shule. Kiingereza kinakuja baadaye, na sekondari ndicho kinachofundishia.

Kwa mtoto huyo katuni ya Kiingereza iko kwenye lugha ya tatu. Ndiyo maana Tom and Jerry inaeleweka kila mahali: paka na panya hao karibu hawasemi kitu. Katuni ya Kiswahili iko kwenye lugha ya pili, lakini ndiyo lugha ya darasa la kwanza. Mtoto akisikia "jumlisha" au "pembetatu" kwenye wimbo, kesho yake anakutana nayo ubaoni.

Kuna jambo jingine la kuvutia. Akili and Me imetengenezwa pia kwa Kinyarwanda na kurushwa Rwanda. Kihangaza na Kishubi ziko kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Kwa hiyo mtoto wa Ngara anaweza kumfuata Akili kwa lugha inayokaribia ile ya bibi yake, ingawa toleo hilo lilitengenezwa kwa ajili ya ng'ambo ya mto.

Kenya wana chaneli nzima

Machi 31, 2020, Kenya ilipata Akili Kids!, chaneli ya watoto inayoonekana bila malipo. Jina linafanana na la Akili wa Ubongo, lakini ni kampuni tofauti. Ilianza wiki mbili tu baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, na ratiba yake ikajumuisha vipindi vya Ubongo vya Tanzania.

Tanzania nayo ilifunga shule Machi 17, 2020, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kwa miezi hiyo mitatu masomo yalitegemea TV, redio na simu. Nyumba isiyo na hata kimoja ilibaki na madaftari ya zamani.

Tofauti ya chaneli na kipindi ilionekana wazi wakati huo. Kipindi cha nusu saa kinampata aliyekuwa karibu na TV muda huo. Chaneli ya siku nzima inamsubiri mtoto aliyekwenda kuchota maji, aliyekuwa shambani, au ambaye umeme wao umerudi saa kumi jioni.

Mzazi aanzie wapi?

Wenye TV: angalia ratiba ya chaneli za bure kwanza, kabla ya kulipia kifurushi cha katuni.

Wenye simu janja tu: pakua vipindi vichache kukiwa na bando, kisha zima data kabla ya kumpa mtoto simu.

Wenye redio tu: fuatilia vipindi vya watoto kwenye redio ya eneo lako.

Kwa wote: kaa naye hata dakika kumi. Muulize mhusika kafanya nini na kwa nini. Akijibu kwa Kihangaza au Kishubi, mwache ajibu hivyohivyo, kisha mwambieni pamoja neno lake la Kiswahili.