Mruko wa volteji: istilahi na kinga yake

Iguguno, wilayani Mkalama, iko kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Malori hupita hapo usiku na mchana, na dereva anayelala ndani ya lori lake huwa na friji dogo, inveta na chaja ya simu. Nyumba za kandokando ya barabara zina vitu hivyohivyo, ila zenyewe zinatumia umeme wa TANESCO. Kifaa kikiungua, kwenye lori au nyumbani, jibu la fundi ni lilelile: "Umeme ulikuja mkubwa."

Jibu hilo si la uongo, lakini limebeba mambo mawili, na kila moja lina kinga yake.

La kwanza ni mruko wa volteji: volteji hupaa ghafla na kushuka papo hapo. Kwenye nyaya za nyumbani mruko hudumu kwa mikrosekunde tu, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, lakini unaweza kufika maelfu ya volti. Radi ikipiga jirani na laini, huo ni mruko, hata kama nguzo haikuguswa. Mota ya mashine ya kukamua alizeti ikizimwa, nayo hurusha mruko wake, mdogo zaidi.

La pili ni volteji kuzidi: inapanda na kubaki juu kwa dakika au hata saa. Chanzo kimoja kikubwa ni nyutro kukatika. Kwetu, kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, kati ya fezi na fezi volti 400. Nyutro ya laini ya fezi tatu ikiachia, nyumba yenye matumizi madogo inaweza kupata volti zinazokaribia 400. 

Tofauti hii ndiyo inayoamua ununue nini. Ndani ya kinga mruko mna varista, kidonge cha oksidi ya zinki. Volteji ikiwa ya kawaida, varista haipitishi kitu. Ikiruka, hufungua njia na kuumwaga mruko kwenye nyutro au athi. Kazi hiyo inaiweza kwa kitambo tu. Volti 400 zikikaa, varista huchemka na kuungua, pengine na kuwasha moto. Hapo kinachotakiwa ni kikata volteji, kifaa kinachopima umeme na kuukata ukipita kiwango. Madukani hukiita friji gadi. Nacho hakiwahi mruko wa radi.

Kwenye lori mruko mbaya kabisa hutoka ndani ya gari lenyewe. Betri ikiachana na alteneta wakati inachajiwa, alteneta haiwezi kupunguza nguvu mara moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2 kinahesabu kuwa mfumo wa volti 24 usio na kinga unaweza kuruka hadi volti 151 au hata 202. Kuna mafundi wanaopima alteneta kwa kufungua waya wa betri injini ikinguruma: gari lisipozima, alteneta ni nzima. Kwa malori ya zamani mchezo huo ulipita. Kwa lori lenye kompyuta, inveta na friji, ni kuchoma mali ya mtu. Mita ikionyesha volti 27 hadi 28 na ushei injini ikiwaka, alteneta inachaji.

Kwa nini istilahi iwe mruko, si wimbi wala ongezeko? Wimbi lina kazi nyingine katika fizikia, na umeme wa TANESCO wenyewe ni wimbi linalojirudia mara 50 kwa sekunde. Ongezeko halisemi lolote kuhusu muda. Kinachoruka hupanda na kushuka, na hapa kinachoruka ni volteji.

Basi ukienda dukani, usiombe "kitu cha kuzuia umeme mkubwa." Uliza: kinazuia mruko, kinakata volteji ikizidi, au vyote viwili? Kisha mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akupimie athi na kukaza nyutro kabla mvua za Novemba hazijaanza.