Mbio za Kushindana na Saa

Biliqo ni kijiji cha wafugaji katika nchi ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, upande wa mto Ewaso Ng'iro. Dereva aendaye huko huiacha lami nyuma yake, akaingia katika njia za mchanga, mawe na udongo. Wakati wa kiangazi vumbi humfuata kama mkia. Mvua ikinyesha, korongo lililokuwa kavu asubuhi huwa mto kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo dereva mwenye akili haondoki Isiolo kabla ya kuikagua motokaa yake. Hutazama springi, hupima upepo wa magurudumu, hukaza kila nati iliyolegea, na chini ya kiti hutia jembe, kamba na dumu la maji. Watoto wa Biliqo wameyaona hayo tangu walipopata akili, wala hawayahesabu kuwa ni elimu. Lakini elimu hiyo hiyo ndiyo iliyowapa watu wa Afrika Mashariki sifa kubwa katika mbio za motokaa, na historia yake yafaa kujulikana.

Mwaka 1952 mkazi mmoja wa Kenya aitwaye Eric Cecil alikuwa akifikiri juu ya mbio za namna mpya. Wakati huo palikuwa na uwanja wa mbio mahali paitwapo Langa Langa, karibu na Gilgil, ambako motokaa zilizunguka na kuzunguka. Neil Vincent, jamaa yake Cecil, hakuupenda mchezo wa kuzunguka duara. Aliona raha zaidi ikiwa mtu angetoka mlangoni pake, akaingia motokaani, akaivuka nchi nzima na kurudi. Wazo hilo ndilo lililozaa mbio za mwaka 1953, ambazo zilifungwa pamoja na sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikaitwa Coronation Safari. Zilipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika.

Washindani wa kwanza walikuwa watu wa kazi nyingine kabisa: wafanya biashara, wakulima na mafundi, ambao walilipa gharama kwa fedha zao wenyewe. Motokaa zao zilikuwa kama zile zilizouzwa madukani, nazo ziligawanywa katika mafungu kwa kadiri ya bei yake. Mwaka huo hakukutangazwa mshindi mmoja wa wote; lakini motokaa ndogo ya Volkswagen, iliyoendeshwa na Alan Dix, ndiyo iliyohesabiwa baadaye kuwa ilifanya vema kuliko zote.

Yapasa msomaji aelewe jinsi mbio hizi zilivyoamuliwa. Motokaa hazikuondoka pamoja kama farasi katika uwanja. Moja iliondoka, kisha baada ya dakika chache ikafuata nyingine. Katika njia palikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake. Dereva aliyechelewa kufika kituoni aliandikiwa alama za adhabu kwa kila dakika aliyochelewa, na mwishoni mwenye alama chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Hivyo mtu aliweza kusafiri usiku kucha asimwone mshindani wake hata mmoja. Adui yake aliyemwandama alikuwa saa.

Saa haina huruma wala haidanganyiki. Haiulizi kama gurudumu lilitoboka kwa mwiba au kama tope lilifika magotini. Ndiyo maana mbio zilianza karakanani, majuma mengi kabla ya siku yenyewe. Kanuni zilipolegezwa, wenye motokaa walianza kuzirekebisha. Chini ya injini walifunga bamba nene la chuma, ili jiwe lisije likapasua tangi la oili. Waliongeza nguvu za springi, wakapiga welding mahali ambapo bodi ilielekea kupasuka. Mbele waliweka taa za ziada kwa ajili ya vumbi na giza, na vyuma vya kuikinga rejeta isivunjwe na mnyama. Nyuma waliweka mahali pa kukanyaga na vishikio, ili motokaa ikikwama topeni, mwenzake dereva asimame pale na uzito wake uyakandamize magurudumu yapate kushika ardhi.

Lakini kila chuma kilichoongezwa kilikuwa na uzito wake. Motokaa iliyojengwa kama ngome haivunjiki upesi, lakini hupanda mlima polepole na kuchosha breki wakati wa kuteremka. Motokaa iliyopunguzwa kila kitu hukimbia kama swala, kisha huvunjika katika shimo la kwanza. Fundi alilazimika kujiuliza juu ya kila kitu: Je, hiki kitaniokoa dakika ngapi, na kitanigharimu dakika ngapi? Hapo ndipo aliyezijua njia za nchi hii alipomzidi mgeni mwenye fedha nyingi.

Mwaka 1963 jambo hilo lilionekana wazi. Mbio, ambazo sasa ziliitwa East African Safari, zilifanywa wakati wa Pasaka, majira ambapo mvua za masika huanza. Motokaa 84 ziliondoka. Zilizofika mwisho zilikuwa saba tu. Walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, katika Peugeot 404. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, motokaa 93 ziliondoka, na kwa mara ya pili zikafika saba, na washindi wakawa watu wale wale wawili katika motokaa ya namna ile ile. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Safari, aliyeacha nati moja bila kuikaza aliikumbuka akiwa amekaa kando ya njia, akiwatazama wenzake wakipita.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa mwaka 1965. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akafanya kazi ya ufundi wa motokaa tangu ujana wake. Kwa ajili ya Safari ya mwaka huo alipata Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Ilikuwa imeletwa na timu ya kampuni hiyo kwa mbio za mwaka uliotangulia, nayo ilikuwa imechoka. Joginder na ndugu yake Jaswant waliifungua, wakaitazama sehemu kwa sehemu, wakaijenga upya. Walipewa namba 1, wakatangulia mbele ya wote. Baada ya safari ya kilometa zipatazo 5,000 walikuwa wamewaacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Motokaa iliyodharauliwa ilishinda zile zilizotoka kiwandani. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 katika Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Na hesabu hiyo yasifu mikono ya fundi kuliko mguu wa dereva.

Walakini historia ya kweli haisimulii ushindi peke yake. Mwaka 1953, motokaa zilipovuka nchi tatu kwa furaha, Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Na huku kaskazini, Biliqo na nchi yote ya mpakani ilikuwa imefungwa kwa sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934. Mgeni hakuingia ila kwa kibali, na mwenyeji hakutoka ila kwa kibali. Isiolo palikuwa mlango wa nchi hiyo, na mlango ulikuwa na mlinzi. Mfugaji wa Biliqo hakuweza hata kwenda Nairobi kuzitazama mbio bila kuomba ruhusa. Wengine walipewa barabara wachezee. Yeye hakupewa barabara apite.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, lakini kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilitangazwa kaskazini kwa sababu ya vita vilivyoitwa vya Shifta. Hivyo katika Pasaka ile ya 1965, ndugu wawili waliposhangiliwa Nairobi, watu wa Isiolo walikuwa chini ya amri za vita. Wengi walipoteza ng'ombe, ngamia na jamaa zao kabla ya mapatano ya mwaka 1967, na sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika mbio zenyewe pia ilichukua muda mrefu kabla Mwafrika hajatoka kando ya njia, alikosimama akitazama na kusukuma motokaa zilizokwama, akaketi kwenye usukani. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari akiwa wa nne kati ya wote.

Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarudishwa mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Siku hizi timu kubwa huja na mafundi wengi na vyombo vya kupimia kila kitu. Hata hivyo, kati yao huwamo bado wenyeji wanaokesha karakanani baada ya kazi zao za mchana, wakitengeneza motokaa kwa fedha walizojinyima.

Basi wewe kijana usomaye haya, ukimwona dereva wa lori huko Biliqo amelala chini ya gari lake kabla ya alfajiri, akigonga springi na kusikiliza mlio wake, usipite kana kwamba hapana la kujifunza. Anafanya kazi ile ile waliyoifanya ndugu wawili mwaka 1965. Tofauti ni kwamba wao walifunguliwa njia, na watu wakaandika majina yao. Babu zake walifungiwa mlango, na hakuna aliyeandika. Mlango huo sasa uko wazi. Kazi ya kukaza nati ni yako, na saa imekwisha kuanza kuhesabu.